Jumamosi, Jumatatu na Jumatano za Sajini Mutawalli

Kwangu kahawa hunywewa na sukari, na asiyetaka sukari aende kwa daktari wake, asije kwangu. Lakini tangu Alhamisi kopo la sukari nimelificha chini ya meza, maana mtaa una msiba, na kahawa ya msiba ni chungu. Hata mpita njia akionja anajua kuna mtu ameondoka. Leo ni Jumamosi, siku ya tatu na ya mwisho. Mimi ni Bayumi, mwenye birika na mabenchi mawili kwenye kona ya Karmuz, hapa Iskandaria, pale tramu inapokata kulia ikipiga kelele kama paka aliyekanyagwa mkia. Benchi la kushoto ni la wateja. La kulia ni la watatu ninaowavumilia: Haji Shaarawi, kondakta mstaafu wa tramu, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki, Ustadhi Labib, aliyetunza maabara ya shule ya wasichana miaka thelathini, sasa ni Profesa wa kujiteua, na Fundi Zanaati kinyozi, yaani Makasi, anayekata watu kwa ulimi kuliko kwa mkasi. Marehemu alikuwa wa nne wao, Sajini Mutawalli wa trafiki, Winchi mwenyewe, bingwa wa kunyanyua vyuma wa jeshi la polisi mara sita. Karmuz hatuna mazoea ya kumlilia polisi. Huyu tumemlilia, na pale katikati ya benchi alipokuwa akikaa pako wazi, panatosha watu wawili na nusu, na hakuna anayepakalia.

Asubuhi hii mjane wake, Siti Ratiba, aliteremsha kikapu chake kwa kamba kutoka roshani ya juu yangu, ndani mna vikombe vyangu vya jana, vimeoshwa. Nilipovitoa akainama, akaniambia kwa sauti ya chini:

— Bayumi, waulize wenzako. Miaka tisa, kila Jumamosi, Jumatatu na Jumatano, saa moja asubuhi, mume wangu alikuwa anakwenda wapi? Nikimuuliza anasema mazoezi. Anarudi ana harufu ya sabuni isiyo yangu. Leo tunaondoa matanga. Kama yuko mwanamke mwingine, na aje aketi nami tumlie wote. Ila nisidanganywe, Bayumi. Nimechoka.

Basi nikawamiminia ile chungu, nikawauliza kama nilivyoulizwa.

Redio: Mwanamke? Winchi? Huyo alikuwa ameoa vyuma, bwana! Kwanza kabla ya mambo ya harufu, tumtendee haki marehemu. Mimi nilikuwepo siku aliyoinyanyua tramu.

Makasi: Haya, imeshawashwa.

Redio: Tramu namba nne! Imetoka relini hapo hapo unapotazama. Winchi akavua kofia ya serikali, akampa muuza figili amshikie. Akainama. Ikapanda, ikarudi relini, tulii! Mimi ndani naendelea kukata tiketi.

Profesa: Tramu ni tani kumi na nane.

Redio: Hizo ni ikiwa tupu. Siku hiyo ilijaa.

Profesa: Rekodi yake ni kilo mia mbili na kumi. Iliandikwa gazetini, nimeihifadhi.

Redio: Gazeti lilimpunja. Na yeye si mtu wa kulalamika. Ndiyo maana wahenga wakasema, haba na haba hujaza kibaba.

Makasi: Methali hiyo haingii hapo, Haji.

Redio: Itaingia. Ipe nafasi.

Tramu sikuiona. Nilichoona kwa macho yangu ni Fiati iliyoegeshwa juu ya reli, dereva ndani anakula mkate na taamia, zile bajia za maharage, hana habari. Winchi aliishika nyuma, akaisogeza hadi pembeni, kisha akainama dirishani akamwambia, "Maliza kula kwanza, halafu tuongee." Na nilimwona siku alipomkamata mwizi wa pikipiki: hakumvuta wala hakumfunga pingu, aliinyanyua pikipiki na mwizi akiwa amekaa juu yake, akaenda nayo kituoni. Mwizi njiani anaomba ateremshwe, watu wanamwambia tulia, una dereva.

Makasi: Miaka ishirini nimemnyoa. Ile shingo nilikuwa naizunguka kama mtu aliyepoteza viatu msikitini. Lakini niwaambieni ukweli, sijawahi kumwona akimpiga mtu. Hata yule mlevi aliyemrarua shati.

Profesa: Nilimuuliza siku moja. Akanijibu, "Ustadhi, mkono huu Mungu kaupa kazi ya kupandisha. Wa kushusha watu wako wengi."

Nikaona wananikimbia.

Mimi: Mmemsifu, Mungu awalipe. Sasa saa moja asubuhi alikuwa anakwenda wapi?

Redio akaangalia reli. Profesa akasafisha miwani ambayo ilikuwa safi. Makasi akakohoa kikohozi cha mtu mwenye habari.

Makasi: Mimi nilimwona.

Mimi: Wapi?

Makasi: Kichochoro cha Wapika Sabuni, ng'ambo ya tramu. Kasimama chini ya lile jengo refu lililoinama, kaangalia juu. Mara kikapu kikateremka kwa kamba. Ndani, taulo jeupe, limekunjwa vizuri. Akalichukua, akalitia shingoni, akaingia ndani kama mwenye nyumba.

Mimi: Na siku zote hukusema?

Makasi: Kinyozi mimi! Siri za watu ndio mtaji wangu.

Redio: Mtaji gani, na wewe siri hailali kwako? Sema uliogopa shingo ile.

Makasi: Haya, niliogopa. Lakini taulo, jamani! Mwanamume hateremshiwi taulo na shangazi yake. Huyo ni mke wa pili.

Profesa: Siku tatu kwa wiki?

Makasi: Basi watatu. Jumamosi mmoja, Jumatatu mmoja, Jumatano mmoja.

Mimi: Makasi, mjane yuko juu ya kichwa chako na dirisha liko wazi.

Makasi akashusha sauti, lakini wake watatu hakuwapunguza.

Redio: Mke mke mke! Wewe kila kitu kwako ni mke. Jamani, mji huu una miaka mia mbili unatafuta kaburi la Iskandari Dhulkarnaini. Wazungu wamechimba, serikali imechimba, hata shemeji yangu amechimba jikoni kwake. Halijapatikana. Kwa nini? Kwa sababu liko chini ya kiwanda cha sabuni cha hapo kichochoroni, na jiwe lililolifunika hakuna awezaye kulinyanyua. Isipokuwa nani?

Profesa: Anyanyue mara tatu kwa wiki, kwa nini?

Redio: Amsalimie. Mfalme yule, huwezi kumwacha peke yake. Asiyekuwepo na lake halipo.

Makasi: Hiyo nayo haingii.

Profesa: Nyote mnakwenda kwa hisia. Tazameni lile jengo. Mimi nimelipima kwa uzi na jiwe. Mwaka wa kwanza niliopima, lilikuwa limeinama shibiri mbili. Majengo mangapi ya Karmuz yameanguka miaka hii tisa? Lile lipo. Kwa kanuni zote za fizikia lilitakiwa liwe chini. Kwa hiyo iko nguvu inayolirudisha, na nguvu hiyo inakuja kwa ratiba.

Makasi: Unasema Winchi alikuwa analisukuma jengo?

Profesa: Jumamosi, Jumatatu na Jumatano. Linarudi kidogo, linainama tena kidogo. Sabuni ni ya kunawa vumbi la ukuta.

Redio alimtazama kwa wivu. Yeye na Iskandari wake walikuwa wamepitwa.

Mimi nilikuwa nimechemka kuliko birika. Nikawaambia: "Mtu amekaa hapa nanyi miaka yote, mmekunywa naye, mmecheka naye, na hamjui alikuwa anakwenda wapi mitaa miwili tu kutoka hapa. Nimwambie nini yule mama? Kwamba mumewe alikuwa nguzo?" Niliwakaripia wao, lakini mimi pia sikujua, na ndicho kilichoniuma.

Hapo ndipo mwanamke mmoja akavuka reli ya tramu. Umri wake kama miaka arobaini, kitambaa cha rangi ya majivu, mkononi mfuko wa plastiki wenye makaratasi ya hospitali. Alikuwa anatembea upesi, akisoma mabenchi kwa macho.

Makasi (kwa kunong'ona): Huyo. Naapa, huyo. Wa Jumamosi.

Redio: Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Makasi: Nyamaza!

— Samahani, wazee wangu, akasema. Hapa ndipo kwa Bayumi? Naitwa Ibtihal. Aliniambia nikikwama nije kuuliza hapa. Simu yake haipatikani tangu juzi, na sasa ni saa moja na nusu. Sajini Mutawalli yuko wapi?

Kijiwe hiki kina jibu la kila kitu. Ukiuliza nani aliujenga mnara uliozama baharini utapewa jina na kabila la mama yake. Lakini swali hilo moja lilitushinda wote wanne. Makasi akawa anaitazama kandambili yake. Mimi mkono wangu ukafanya ulichozoea: ukamimina kahawa, ukampa.

Akasema ahsante, akaonja. Akasimama na kikombe mdomoni. Akaangalia ndani ya kikombe, akaangalia lile pengo katikati ya benchi, halafu akakishusha taratibu sana, kana kwamba kingemwagika dunia ingejua.

— Lini? akauliza.

— Alhamisi, nikamwambia. Baada ya kuswali alfajiri. Alikaa kuvaa viatu, hakuinuka.

— Jumatano alimbeba mama, akasema. Jumatano tu hii.

Mimi: Alimbeba nani, mwanangu?

— Mama yangu. Figo zake zimekufa, anasafishwa damu siku tatu kwa wiki, na miguu haishuki ngazi. Tuko ghorofa ya tano, na lifti yetu ilikufa kabla sijaanza shule. Sajini ndiye aliyekuwa anamteremsha mgongoni, na mchana anampandisha. Miaka tisa hajakosa hata siku moja, ndiyo maana mama amekaa mlangoni tangu saa kumi na mbili anasema mwacheni, labda tramu imemchelewesha.

Akafuta uso kwa kiganja.

— Asipofika saa mbili, mashine wanampa mtu mwingine. Hana siku ya kuruka, wazee wangu. Nani atamteremsha?

Profesa: Ngazi ngapi?

— Tisini na sita.

Profesa: Tisini na sita, mara uzito wa...

Mimi: Usipige hesabu, Ustadhi. Inuka.

Nikazima jiko. Miaka thelathini na mmoja sijawahi kuzima jiko asubuhi, hata siku mke wangu alipojifungua.

Kufika tu ghorofa ya tano, mikono mitupu, tulikuwa tumeshaisha. Makasi alikuwa amekaa kwenye ngazi ya themanini akisema tangulieni, kisha akatufuata kwa kutambaa. Hajati Inshirah, mama yake Ibtihal, alikuwa mlangoni kwenye kiti cha mbao, kamama kadogo kenye macho makali, na magotini mwake taulo jeupe limekunjwa. Harufu ya sabuni ya mafuta ya mzeituni ilijaa hadi ukumbini. Ibtihal akapiga magoti, akamwambia sikioni. Bi mkubwa akalichukua taulo akajifunika uso nalo, na sisi tukasimama pale tukihema, tukiona haya hata ya kuhema.

Alipolishusha, akatutazama mmoja mmoja.

— Wewe mwembamba ni Makasi. Wewe mwenye miwani ni Profesa. Wewe ni Redio, na leo umezimika. Na wewe unanukia kahawa, ni Bayumi.

Redio: Hajati... umetujuaje?

— Si nyinyi ndio mliokuwa mnanishusha? Kila ghorofa alinisimulia ubishi wenu mmoja. Ya tano alianza na Profesa, ya nne Makasi. Ya tatu ilikuwa yako, Redio. Nilikuwa nacheka mpaka ananiambia, tulia Hajati, utatumwaga.

Tukamnyanyua na kiti chake, kila mmoja mguu mmoja wa kiti. Profesa alikisia kilo arobaini na sita, na hizo kilo arobaini na sita, wanaume wanne, zilitutoa roho. Tulipumzika kila ghorofa, na ghorofa ya tatu tulipumzika mara mbili. Redio akasema mwenda pole hajikwai, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue methali ilikaa mahali pake.

Ilikuwa kwenye mapumziko hayo ndipo Hajati alipotuambia. Miaka tisa iliyopita binti yake aliita teksi, ikaegeshwa juu ya reli ya tramu, kwa kuwa kichochoro hakipitiki. Majirani walikuwa wanamteremsha polepole. Sajini akaiona teksi, akapuliza filimbi, akaivuta kwa gari la trafiki. Mama alipofika chini, hakuna teksi. Mashine ikaenda kwa mtu mwingine, na wiki ile nusura afe.

— Jumamosi yake akaja, akasema. Mlango mzima umejaa yeye. Kavua kofia, analia, jitu zima lile! Anaomba msamaha. Nikamwambia, mwanangu, msamaha haunifikishi hospitali. Akafikiri. Akageuka akachuchumaa, akaniambia, basi panda.

Makasi: Na kwa nini hakutuambia?

— Alisema mkijua mtamwita Ambulansi badala ya Winchi. Hayo ya mzaha. Ya kweli, alikuwa anaona haya. Kila nikimsifu ananiambia, Hajati, usisahau mimi ndiye niliyeivuta ile teksi.

Mimi: Na mkewe? Mkewe angemwelewa.

Hajati akatazama ngazi zilizobaki.

— Miaka miwili hii daktari alimwambia moyo wake umetanuka, asinyanyue kitu. Nikamwambia aache, nitapata mwingine. Akanicheka. "Daktari kanikataza vyuma, Hajati. Wewe si chuma." Mkewe angejua, angemzuia. Na ningekuwa mimi mkewe, ningemzuia pia.

Tukafika chini. Teksi ilikuwa inangoja, mbali na reli, zimebaki dakika kumi na mbili kufika saa mbili. Tukamwingiza. Kisha akateremsha kioo, akanipa lile taulo.

— Mpelekee mkewe. Mwambie ni langu, na jasho lote lilikuwa la halali. Na nyinyi mmefanya wema, Mungu awape nguvu ya magoti. Narudi saa saba. Lakini wanangu, kushuka, hata maji hushuka. Kupanda je?

Teksi ikaondoka. Tulikuwa wanne pale, tumeegemea ukuta. Redio alitafuta methali, hata isiyoingia, hakuipata.

Nilipanda kwa Siti Ratiba mwenyewe, sikutaka kumpigia kelele kutoka chini. Chumba kilijaa wanawake wa msibani. Hakuniuliza kitu, alilichukua taulo mkononi mwangu, akalinusa.

— Ndiyo hii, akasema. Kwa hiyo yuko mwanamke?

— Yuko.

Wanawake wote wakaacha kutafuna.

— Ana miaka sabini na minne, nikasema. Na kilo arobaini na sita.

Nikamwambia yote, hata la daktari, kwa sababu aliniambia asidanganywe. Nilipomaliza akageukia kofia ya mumewe iliyotundikwa ukutani. "Mjinga wewe," akaiambia. "Mjinga mkubwa. Ungeniambia ningempikia supu." Halafu akalia. Tangu Alhamisi alikuwa amekaa mkavu kama mtu anayesubiri hukumu. Sasa alilia kama mjane, na akajifuta uso kwa taulo la Hajati.

Kisha akawaita wanawe, Shukri na Wagdi, majitu mawili yaliyokuwa yamekaa tangu Alhamisi yakipokea pole.

— Vueni makoti, akawaambia. Saa saba mna kazi. Na Jumatatu, na Jumatano.

Saa saba teksi ilipofika, tulikuwa wote pale chini: mjane na sufuria yake ya supu, wanawe wawili wamekunja mikono ya mashati, na kijiwe kizima nyuma yao. Hajati akawatazama vijana kutoka juu hadi chini. Shukri akageuka, akachuchumaa kama baba yake.

— Mabega nayaona, akasema Hajati, akishikilia shingo yake. Mnayo hadithi?

Shukri akamtazama mama yake. Mama yake akatutazama sisi. Makasi akamsukuma Redio mgongoni.

— Hizo ziko kwetu, Hajati, akasema Redio, na sauti yake ilikuwa imerudi. Wewe shika vizuri tu. Mimi nilikuwepo siku aliyoinyanyua tramu. Tramu namba nne, imejaa watu...

— Tani kumi na nane, akasema Profesa kutoka nyuma, na tukaanza kupanda.